Kadeti Keturah Hakutawanya Kikosi

Keturah Boatwright hakuingia ukadeti kwa kuupenda. Aliingizwa kwa kosa. Mwaka wake wa kwanza pale sekondari ya Tolliver alimmwagia msichana mmoja sahani nzima ya kunde kichwani, kwenye ukumbi wa chakula, mbele ya shule nzima, kwa sababu msichana yule alisema bibi yake Keturah ananuka moshi wa kiwanda cha karanga. Mkuu wa shule akampa achague: akae nyumbani asimamishwe masomo, au ajiunge na kadeti akafunzwe adabu.

"Nyumbani nitafanya nini?" aliniambia jioni ile tukiwa tumeegemea ua uliotenganisha nyumba yetu na yao. "Bibi atanitia jembe mkononi mpaka nizeeke. Bora hao wa kupiga saluti."

"Utaweza kukaa kimya wewe?" nikamuuliza.

"Renita, mimi naweza chochote nikiwa nimekasirika."

Mimi nilikuwa nimeshajiunga tangu mwanzo wa muhula, kwa hiyo nilimpokea. Ukadeti wetu haukuwa jeshi. Hakuna aliyeahidi kwenda vitani. Lilikuwa somo kama hesabu au historia, ila hili ulilisoma umevaa gwanda, viatu vimeng'arishwa hata unajiona meno. Tulifundishwa kwata, kusoma ramani na dira, kufunga mtu aliyevunjika mguu, kuvuka mto kwa kamba, kubeba bendera mbele ya watu bila kuipindisha. Weupe na weusi tulisimama mstari mmoja, bega kwa bega, jambo ambalo kusini mwa Georgia, miaka ile ya tisini, hata kanisani hukuliona.

Aliyetufundisha alikuwa Sajini Pettaway, mstaafu wa jeshi, mweusi, mfupi, mwenye goti moja lililogoma kukunjika. Sauti yake ilikuwa ndogo. Ili umsikie ilibidi ufunge mdomo wako kwanza. Siku ya kwanza ya Keturah alitusimamisha mguu sawa uwanjani, na usubi wa kwetu ukatuvamia machoni na puani kama kawaida yake. Kila mzaliwa wa pale anajua kuupuliza kwa pembe ya mdomo. Keturah akapuliza.

"Kadeti Boatwright," akasema Sajini, "nani amekuruhusu kupuliza?"

"Hawa wadudu nao hawakuomba ruhusa, afande."

Mstari mzima ulikaza mbavu. Sajini akageuka akatazama goli la mpira kule mwisho wa uwanja, mabega yakimtikisika kidogo. Alimzungusha uwanja mbio hadi jua likazama. Kesho yake Keturah alikuwa wa kwanza kufika.

Lililomnasa hasa ni bunduki. Si za kupigia. Zilikuwa za mbao, zimetiwa vipande vya chuma ndani ziwe na uzito wa bunduki ya kweli. Kikosi cha silaha kilizirusha hewani zikazunguka kama feni, kisha kila mtu akadaka yake bila kuikodolea macho. Keturah alipoijaribu mara ya kwanza, kitako kilimpasua mdomo. Akatema damu kwenye majani, akainama kuiokota.

"Nenda kwa nesi," Sajini akamwambia.

"Nikiirusha mara moja tena, afande."

"Nimesema nenda."

"Nimesikia, afande. Nikiirusha mara moja tena." Akairusha, akaidaka, akaenda kwa nesi akiwa anatabasamu na meno mekundu.

Msichana yule hakuwa na kipaji cha pekee, na ninasema hivi kwa sababu watu siku hizi wakimsimulia wanampamba. Mikono yake ilikuwa mizito. Alichokuwa nacho ni ukaidi. Alirusha bunduki ile nyuma ya nyumba yao hadi kuku wa bibi yake wakahama upande mwingine wa kiwanja. Mwaka wa tatu yeye ndiye aliyekiongoza kikosi cha silaha, na tulipokwenda kwenye mashindano ya jimbo, mkaguzi mmoja wa jeshi, mwanamume mwenye kidevu kama kabari, alimsogelea pua kwa pua, maana ndivyo wanavyofanya ili kukutia hofu.

"Nani alikuambia msichana anaweza kuongoza kikosi cha silaha?"

"Hakuna aliyeniambia, afande. Ningesubiri kuambiwa, ningekuwa bado nasubiri."

Tulirudi Tolliver na kombe refu kuliko kabati la shule, ikabidi liwekwe sakafuni karibu na mlango wa ofisi. Mwaka uliofuata Keturah alifanywa kamanda wa makadeti wote wa shule, msichana wa kwanza kukishika cheo hicho pale kwetu. Mimi nikawa msaidizi wake. Wa tatu alikuwa Wendell Cutrell, kijana mweupe mrefu, hodari kweli kweli wa dira, ambaye alikuwa amehesabu cheo kile ni chake toka alipoanza kunyoa ndevu.

"Furahia, Boatwright," alimwambia siku ya kutangazwa. "Kofia hiyo ilipimwa kwa kichwa changu."

"Ndiyo maana inanipwaya," Keturah akamjibu. "Nitaijaza tu."

Babu yake Wendell, mzee Royce Cutrell, alikuwa na bustani za njugu za pekani, na mashamba ya misonobari, na kiti kwenye bodi ya shule. Hakuwa mtu wa kelele. Akikukatalia jambo alikukatalia kwa upole, kama mtu anayekwambia mvua haitanyesha leo.

Kila mwezi wa tano, Siku ya Kumbukumbu ya wanajeshi waliokufa, makadeti walikwenda makaburi ya mjini, kule penye nyasi zilizokatwa na malaika wa mawe, wakachomeka bendera ndogo kwenye kila kaburi la askari. Meya alihutubia, bendi ikapiga, watu wakaenda zao kula nyama ya kuchoma. Tulilifanya hilo mwaka hadi mwaka na hatukujiuliza kitu. Mwaka wetu wa mwisho, majuma machache kabla ya siku hiyo, Keturah alikuwa barazani akikaza vijiti vya bendera vilivyolegea, na bibi yake, Bi Arvella, akichambua kunde kando yake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi.

"Bendera zote hizo," Bi Arvella akasema bila kuinua macho. "Na ya Hosea mtaichomeka wapi?"

"Hosea yupi, Bibi?"

"Kaka yangu."

Keturah akaacha kijiti. Alikuwa amelelewa na bibi huyo tangu akiwa mchanga, na jina hilo hakuwahi kulisikia.

"Alikwenda Korea," bibi akasema. "Akarudishwa kwenye sanduku. Tulimzika nyuma ya kanisa letu la Mlima Nebo, huko barabara ya kinu, maana makaburi ya mjini wakati ule hayakuwa yetu. Kanisa likaungua. Watu wakatawanyika. Cutrell akalinunua eneo lote, akapanda misonobari, akafunga lango kwa mnyororo. Toka hapo sijamwona ndugu yangu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilisema nikiwa na meno yote. Ukisema na ukuta, mwanangu, ukuta hauwezi kukuita mwongo. Unakunyamazia tu."

Keturah hakula usiku ule. Kesho yake alikwenda kwa Sajini Pettaway akiwa amevaa gwanda kamili ingawa haikuwa siku ya gwanda, akamweleza habari yote, akaomba makadeti waruhusiwe kwenda Mlima Nebo na bendera. Sajini alisikiliza hadi mwisho. Akalipeleka ombi mwenyewe mbele ya bodi ya shule, kwa heshima zote. Mzee Cutrell akajibu kwa ule upole wake: kule hakuna makaburi, kuna miti yake.

Sajini aliturudishia jibu mlangoni mwa stoo ya bunduki, mimi na Keturah tukiwa tunafunga.

"Tumeomba, tumekataliwa. Basi."

"Aliyetukataza ni nani, afande?" Keturah akauliza. "Mwenye miti, au wafu wenyewe?"

"Kadeti, somo hili lina maadui wa kutosha. Kuna watu kwenye bodi ile wanatafuta sababu tu. Wakilifunga, watoto wote hawa mchana wataishia wapi? Umefikiri?"

"Nimefikiri, afande. Afande naye amefikiri ndani ya sanduku lile kuna nani?"

Uso wa Sajini ulibadilika. Yeye mwenyewe alikuwa amerudisha masanduku kama hayo, kutoka vita nyingine. "Nimekukataza," akasema. "Kwa gwanda hilo, hutakwenda. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, afande."

Nilimjua Keturah. Kuelewa na kutii kwake vilikuwa vitu viwili.

Siku ya Kumbukumbu ikafika na joto lake. Tulichomeka bendera makaburi ya mjini kama ada, meya akasema aliyokuwa akisema kila mwaka, bendi ikamaliza. Sajini alikuwa amebaki pembeni na wazee wa vita, akipeana nao mikono. Kilichobaki ni kamanda kututawanya, kila mtu aende kwao.

Keturah akasimama mbele yetu. Alikuwa amenyooka kama mwimo wa mlango.

"Makadeti," akasema. "Kuna askari wa Tolliver ambaye hatujampa bendera yake. Amelala nyuma ya kanisa la Mlima Nebo, kwenye misonobari ya Cutrell. Sajini amenikataza kwenda. Nyinyi hakuwakataza, lakini msidanganyike: atakasirika, na wazazi wenu watakasirika. Anayetaka kwenda nyumbani, aondoke sasa kwenye mstari. Hakuna atakayemcheka. Nikimsikia mtu anamcheka, nitamzungusha uwanja."

Baadhi wakaondoka, tena wengine rafiki zangu. Keturah alisubiri mpaka wa mwisho akafika kivulini. Wendell Cutrell hakuondoka. Nilimwona shingo yake imekuwa nyekundu, lakini miguu yake ilibaki pale pale.

"Kushoto geuka," Keturah akaamuru. "Mbele tembea."

Tukatoka makaburini, tukapita mbele ya benki, duka la mbegu, kinyozi. Watu waliokuwa wamekaa kwenye viti vyao kando ya barabara walitupigia makofi wakidhani ni sehemu ya sherehe. Tulipolipita jengo la mwisho, makofi yakakoma, kukabaki buti zetu tu kwenye lami, na mbele yetu bendera ya taifa na ya jimbo, zimeshikwa na wasichana wawili ambao jasho liliwatiririka lakini mikono haikutikisika.

Habari hukimbia kuliko miguu. Tulipofika barabara ya kinu, gari la mzee Cutrell lilikuwa limeshaegeshwa mbele ya lango, na karibu yake gari la naibu mkuu wa polisi wa kaunti, mtu mnene mwenye aibu. Bi Arvella naye alikuwepo, ameletwa na jirani, amevaa kofia yake ya Jumapili yenye utepe wa zambarau. Sikujua nani alimwambia. Baadaye nilijua ni mjukuu wake, tangu asubuhi.

"Kikosi, simama," Keturah akasema. Tukasimama.

Mzee Cutrell alivua kofia kwa heshima. "Binti, umewaleta watoto wa watu mbali sana kwenye joto. Hili ni shamba la mtu."

"Hatukuja shambani, Bwana Cutrell. Tumekuja kaburini."

"Nimeshaiambia bodi. Mle hakuna kaburi. Kuna misonobari."

"Misonobari ilimkuta mtu pale," Bi Arvella akasema. "Royce, ulikuwepo mjini siku tulipomzika. Ulikuwa kijana. Ulisimama juu ya trekta la baba yako ukatutazama tunapita."

"Mambo ya zamani hayo, Arvella. Sikumbuki."

Ndipo mtu akasema kutoka mstari wa pili, sauti yake ikikwaruza.

"Babu, makaburi yapo."

Mzee akageuza kichwa polepole.

"Yapo," Wendell akarudia. Alikuwa bado amesimama mguu sawa, anatazama mbele. "Karibu na mierezi miwili. Nimeyapita mara nyingi nikiwinda kulungu. Kuna vikombe na kombe za baharini juu yake. Nilikuuliza nilipokuwa mdogo, ukaniambia ni takataka za watu waliopiga kambi."

Sijapata kuona uso wa mtu ukijifunga kama ulivyojifunga uso wa mzee yule. "Hata kama," akasema. "Lango ni langu."

Naibu wa polisi akakohoa. "Bwana Royce, wakivuka ua nitawaondoa. Lakini hapa walipo ni barabarani, na barabara ni ya kaunti. Siwezi kumkamata mtu kwa kusimama."

Vijana wawili wa kikosi cha kuvuka mito walikuwa wameshatupia macho ule ua, wakipima. Mmoja akanong'ona kwamba wangeweza kumpitisha bibi juu yake kwa kamba bila kumchafua soksi. Bi Arvella akasikia.

"Nani apitishwe juu? Mimi siruki ua kama mbuzi mwizi. Nitapita langoni, na lango litafunguliwa."

"Basi tutasubiri lifunguliwe, Bibi," Keturah akasema. Akatugeukia. "Kikosi, mguu pande."

Tukasimama. Mchana ukatuangukia kichwani. Kadeti mmoja wa mwaka wa kwanza aliyekaza magoti alianguka kama gunia; tukamweka kivulini, tukamlegeza kola kama tulivyofundishwa, akanywa maji, akarudi mstarini mwenyewe bila kuambiwa. Watu wakaanza kuja kutoka mjini, wengine kushangaa, wengine kutukana. Mwanamke mmoja alipunguza mwendo wa gari akatuambia tuone aibu. Mwingine, ambaye sikumfahamu, alishusha ndoo ya karanga za kuchemsha na galoni za chai baridi, akaenda zake bila kusema neno.

Kisha akaja Sajini Pettaway. Alishuka kwenye gari akichechemea, akamwendea Keturah, akasimama karibu naye sana.

"Watawanye."

"Siwezi, afande."

"Sikukuuliza kama unaweza."

"Basi sitaki, afande."

Sajini akanyoosha mkono. "Nipe."

Keturah akafungua mwenyewe kamba ya ukamanda begani, akabandua na alama za cheo kwenye kola, moja moja, bila haraka, akaviweka kwenye kiganja cha Sajini. Kisha akapiga saluti, akarudi nyuma hatua moja, akaenda kusimama mwisho kabisa wa mstari wa nyuma, mahali pa kadeti asiye na cheo. Hakulia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia.

"Kadeti Renita," Sajini akaniita. "Kikosi ni chako. Kirudishe mjini."

Nilitoka mbele. Nilimwogopa Sajini yule kuliko baba yangu, na nilimpenda pia, maana ndiye aliyenifundisha kusimama wima nilipokuwa nikitembea nimejikunja kama swali. Nikajaza pumzi tumboni kama alivyotufundisha.

"Kikosi," nikasema, "mguu sawa." Buti zikagonga kwa pamoja. Nikawatazama. Nikamtazama Bi Arvella chini ya kofia yake. "Mguu pande."

Maana yake ilikuwa: tunabaki.

Sajini hakufoka. Alinitazama tu, kisha akamtazama Wendell ambaye ndiye angefuata baada yangu, na Wendell akakodoa macho kwenye misonobari kama kwamba hakuna aliyeitwa. Sajini akafunga kiganja chenye zile alama, akarudi kwenye gari lake, akaondoka. Ningependa kuwaambia kwamba alirudi akasimama nasi. Hakurudi.

Jua lilipozama tulikwenda nyumbani, na kesho yake baada ya masomo tukarudi. Na siku iliyofuata, na nyingine. Shule ilitukataza kuvaa gwanda, tukaja na fulana nyeupe na suruali za jeans, tukasimama vile vile. Baadhi ya wazazi waliwazuia watoto wao. Nafasi zao zikajazwa na watu wazima, mashemasi wa kanisa, wanawake wa kiwanda cha karanga wakiwa bado na vilemba vya kazi. Sasa hata wao walikuwa wakinyoosha mgongo Keturah alipopita nyuma yao akinong'ona, "Legeza magoti, mama, utaanguka." Baba yake Wendell alimfungia kijana wake nyumbani. Mwandishi wa gazeti akaja kutoka Atlanta na mpiga picha. Picha ile ya Bi Arvella na kofia yake mbele ya mnyororo ilifika mbali kuliko nilivyodhani dunia inafika.

Siku picha ilipotoka, mzee Cutrell alikuja na ufunguo. Hakuvua kofia safari hii. Alifungua kufuli, akauvuta mnyororo wote ukamwagika ndani ya gari kwa kelele.

"Saa moja," akasema. "Kisha mtoke."

"Asante, Royce," Bi Arvella akajibu, akapita langoni katikati kabisa, mkono wake kwenye mkono wa mjukuu wake. "Tutatoka tukimaliza."

Hatukuwa na Wendell wa kutuongoza, lakini ngazi za matofali za lile kanisa lililoungua zilikuwa bado zimesimama msituni peke yake, zikipanda kwenda hewani. Bi Arvella akasimama mbele ya ngazi hizo, akatafakari, akatuelekeza kwa fimbo yake upande wa mierezi. Tukafyeka miiba. Chini ya sindano za misonobari zilizolala unene wa godoro tukaanza kuona: kombe za baharini zimepangwa mstari, sahani iliyovunjwa makusudi, taa ya kioo, kikombe cha mtoto, vitu ambavyo wazee wetu waliwawekea wafu wao makaburini. Na vibonde, vingi, virefu kama mtu, vilivyozama kidogo ardhini, kila kimoja kaburi. Walikuwa watu wengi kuliko tulivyowaza. Wavulana waliokuja wakitaniana wakaacha kutaniana.

Jiwe la Hosea alilipata Keturah mwenyewe, akiwa amepiga magoti, akipangusa kwa viganja. Lilikuwa limeanguka kifudifudi. Tukaliinua sote. Jina lilikuwepo, na cheo chake, na nchi aliyofia.

Bi Arvella akaomba aachwe karibu. Akainama, akaligusa jiwe kwa vidole viwili kama anavyogusa mtu paji la uso la mgonjwa.

"Hosea," akasema. "Ni mimi, Arvella. Nimechelewa. Walikuwa wamefunga."

Keturah akachomeka bendera. Hakuwa na cheo cha kuamuru chochote, lakini aliponyoosha mkono kwenye paji la uso, sote tulipiga saluti nyuma yake, na hatukuishusha mpaka alipoishusha. Saa moja ya mzee Cutrell ilikwisha tukiwa bado tunafyeka. Hakuna aliyekuja kututoa.

Ukamanda hakurudishiwa. Siku ya gwaride la kuhitimu alitembea mstari wa mwisho, na nishani ya kadeti bora alivalishwa Wendell, ambaye aliipokea kama mtu aliyepewa kaa la moto. Baadaye alimfuata Keturah kwenye maegesho.

"Sikusema yale kwa ajili yako," akamwambia. "Usije ukafikiri hivyo."

"Sikufikiri."

"Nilisema kwa sababu niliyaona."

"Hiyo inatosha, Cutrell."

Sajini hakumwandikia pendekezo la chuo cha kijeshi, na bila hilo mlango ule ulikuwa umefungwa. Keturah akaenda kujiandikisha jeshini kama askari wa kawaida kabisa. Aliendesha malori makubwa na mitambo ya barabara, huko na huko, hadi jangwani. Alinyang'anywa cheo mara moja kwa kumjibu luteni, akakipata tena. Mwaka mmoja alirudi likizo mwezi wa tano, tukaenda wote Mlima Nebo, na tukamkuta Sajini Pettaway pale, peke yake, na mkasi wa kukatia nyasi. Alikuwa amezeeka. Hatukuwa tumejua kwamba huwa anakuja.

Sajini akaacha kukata nyasi.

"Nilikuwa sahihi kukuvua ukamanda," akasema Sajini.

"Ndiyo, afande."

"Na wewe ulikuwa sahihi kwenda."

"Najua, afande."

Sajini akampa mkasi, akakaa juu ya kisiki kupumzisha goti.

Sasa Keturah yuko hapa hapa Tolliver, mwanamke mnene mwenye mvi pembeni mwa kichwa, dereva wa greda la kaunti. Bi Arvella amelazwa pembeni ya kaka yake. Mzee Cutrell alishafariki, na warithi wakaweka lango jipya la chuma, lenye taarifa kwamba ndugu wa marehemu waombe miadi. Shule ilipotimiza miaka mingi ya ukadeti wake walimwita Keturah wamkabidhi kibao chenye jina lake, mbele ya makadeti wapya. Alikuja na nguo za kazi. Akaambiwa aseme machache.

"Kibao ni kizuri," akasema. "Lakini mimi sikuwahi kuomba kibao. Niliomba njia ya kwenda kwa ndugu yangu, na hadi leo naambiwa niweke miadi. Nyinyi mliovaa gwanda, mkimaliza kunipigia makofi, mnaweza kunisaidia kuuliza."

Waliuliza. Walihudhuria vikao vya kaunti kwa zamu, wamenyooka nyuma ya ukumbi, wakakaa kimya wakitazama, mpaka makamishna wakashindwa kula biskuti zao kwa raha. Ilichukua muda, lakini njia ya umma ilipitishwa kuelekea Mlima Nebo, na lango likang'olewa.

Keturah hakusubiri mipango ya mwaka ujao wa bajeti. Jumamosi moja aliliwasha greda la kaunti, akalipeleka barabara ya kinu, akaichonga njia ile mwenyewe kuanzia lami hadi kwenye mierezi, ikanyooka kama kamba. Jumatatu msimamizi wake alimwita, akampa onyo kwa kutumia mtambo bila idhini.

"Nani alikutuma?" akamuuliza.

"Kazi ipo, mtambo upo, dereva yupo," Keturah akasema. "Andika onyo lako. Mvua ikinyesha nitairudia."